Bia Iliyokupa Jina la Josho

Mume wangu, Baba Nakijwa,

Mdomo wangu unanuka. Nimepiga mswaki, nimetafuna tangawizi mbichi, nimekunywa uji wa moto mpaka ulimi umebabuka, na bado ile ladha imekaa nyuma ya koo kama mgeni asiyejua kuaga. Wewe unaijua. Kati ya watu wote niliopata kuishi nao, ni wewe peke yako ambaye nikisema "ile bia" hungeuliza ipi.

Nimeionja tena. Usicheke kwanza. Nataka nikueleze mambo kwa mpangilio, na kuna moja ambalo ni lazima likufikie huko uliko.

Nianze na harusi yetu, kwa sababu ugonjwa wako wa bia ulianzia pale. Unakumbuka miaka ile kila kitu kilivyokuwa kwa kibali. Sukari kibali, khanga kibali, na bia ya harusi ndiyo usiseme. Wewe ulikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, unapandisha mbolea milimani na kushusha kahawa, wiki nyingine unatumwa Kihurio kuchukua mpunga. Ulikwenda ofisini na karatasi ya mchungaji mkononi ili wakuandikie angalau kreti za wazee. Ukaambiwa bia hakuna. Ulipotoka ukapita uani, ukaona makreti yanapakiwa kwenye gari la mkubwa mmoja, na yule yule aliyekuambia hakuna ndiye anayeyahesabu.

Ulinisimulia hayo uani kwetu Mbaga, umevaa kaunda suti ya kuazima. Wageni wetu walikunywa dengelua ya baba, ile pombe yetu ya miwa, kwenye vibuyu, wakaimba mpaka nyumba ikawa ndogo. Mimi nilifurahi. Harufu ya dengelua ndiyo harufu ya sherehe niliyokua nayo. Lakini wewe ulikaa kwenye kiti cha bwana harusi kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya wakwe. Tulipokuwa tunateremka kuja Same ukaniita jina langu, ukaniambia, "Namsifu, siku moja nitakuwa na baa yangu. Na mtu yeyote akiingia, hata awe na kandambili, hataambiwa hakuna."

Nilidhani ni hasira za siku moja. Sikujua nimeolewa nazo.

Miaka iliyofuata tuliila kwa shida. Tulifua kwa majani ya mpapai, tukavaa katambuga za matairi, tukapika makande bila chumvi na kuyasifu ili Nakijwa ale. Lori la ushirika likakosa matairi, likakosa betri, mwisho likapandishwa juu ya mawe pale yadi na nyasi zikaota ndani ya kebini. Ukarudishwa nyumbani. Ulikuwa unakwenda kulitazama siku za Jumapili kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka ya Same yakajaa ghafla, kama mtu aliyekuwa ameficha vitu chini ya kitanda akavitoa vyote kwa mpigo. Sabuni za kunukia, pipi, nguo za mitumba, bia za makopo kutoka nchi ambazo hata mwalimu wa shule alikuwa hazijui. Ukapanga chumba kimoja kando ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika, ukakipaka rangi ya buluu kwa mikono yako, ukachonga mabenchi. Grosari yako. Nilikuona ukisimama katikati ya chumba kile kitupu, mikono kiunoni, unanuka rangi, na nikasema moyoni mwangu, Mungu amempa.

Kama ungeishia hapo.

Lakini wewe hukutaka kuuza bia wanayouza wengine. Ulikwenda mnadani upande wa Jipe, ukakutana na yule bwana wa Taveta mwenye tumbo kubwa na sauti nyembamba. Alikuwa na shehena iliyopita bandari ya Mombasa, iliyoagizwa na hoteli fulani, na hoteli ikafungwa kabla mzigo haujafika. Ukarudi umebeba chupa moja ya kuonyesha, nyeusi, shingo imechovywa kwenye nta nyekundu, na kwenye karatasi yake imechorwa picha ya pipa.

"Mama Nakijwa," ukasema, "wengine wote wana bia ya manjano. Mimi nitakuwa na nyeusi. Yule bwana anasema hii ni bia ya kifalme."

"Umeionja?"

"Bia ya kifalme inaonjwa kwanza? Kwani mfalme anaomba nyongeza sokoni?"

Fedha ya kuleta makreti yale ilikuwa inalala zizini kwa baba. Yule mtamba niliyepewa alipozaliwa Nakijwa. Uliniomba nikakataa. Ukaniomba tena nikanyamaza, nawe ukauchukua ukimya wangu ukaenda nao mnadani.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Upepo wa Same ulikuwa unapuliza vumbi lake kama kawaida na wewe ulikuwa unafuta mabenchi kila dakika. Kaka yangu Eliapenda aliteremka kutoka Mbaga na mkungu wa ndizi. Walikuwapo madereva wa malori, jirani yetu muuza nyama, na mzee mmoja wa Kimasai aliyekuwa ametoka kuuza ng'ombe wake, mtu wa heshima, amekaa wima na fimbo magotini. Ukatangaza kwamba bilauri ya kwanza ni bure kwa kila mtu, na kwamba ya kwanza kabisa ni yangu.

Ulibandua ile nta kwa kisu cha jikoni. Ukamimina. Baba Nakijwa, wewe ulikuwa dereva. Maisha yako yote ulikuwa umemwaga oili chafu kutoka kwenye injini. Ulishindwaje kuitambua pale ilipokuwa inatiririka mbele ya macho yako, nzito, nyeusi, haina haraka? Povu lake lilikuwa na rangi ya dimbwi la mvua za kwanza. Nilipoisogeza puani nikasikia chungu cha makande kilichoungua, mbao iliyolowa, na ndani kabisa ile spiriti ya hospitali wanayokupaka kabla ya sindano. Nikakutazama. Ulikuwa umeshika mlango kwa mkono mmoja na unatabasamu kama mtoto.

Nikanywa.

Sijapata kuweka mdomoni kitu kama kile. Kilianza na utamu wa sukari guru iliyoungua, nikadhani labda kuna nafuu. Kisha uchungu ukaja, si uchungu wa kwinini unaopita, bali uchungu unaovua viatu na kukaa. Kisha moto. Kisha moshi, kana kwamba mtu amelamba paa la jiko la bibi yake. Koo likafunga mlango. Ilibidi nilifungue kwa nguvu, na ile kitu ikashuka polepole, na tumbo likaipokea kama linavyopokea habari ya msiba.

"Vipi?" ukauliza.

"Nzito," nikasema. Ndilo neno pekee nililolipata ambalo halikuwa uongo.

Ukafurahi. Ukawamiminia wote. Kaka Eliapenda alipiga funda la mtu anayekunywa cha bure kwa shemeji yake, mashavu yakajaa, macho yakamtoka, na yote ikaruka ikapita mlangoni ikamlowesha dereva mmoja shati jeupe la Jumapili.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Umetunywesha dawa ya josho?"

Dereva yule, mtu wa Tanga, badala ya kukasirika akainua mikono juu. "Jamani, leo nimeona muujiza. Mpare anatema kitu cha bure!"

Watu wakaanguka kwenye mabenchi. Wewe ulikuwa bado unatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limebaki peke yake usoni, mwenyewe umeshaondoka. Mzee wa Kimasai hakucheka. Alimeza yake yote kwa adabu, akaweka bilauri chini, akafikiri kidogo, kisha akakuuliza kwa upole kabisa, "Baba, hii ni ya ndigana au ni ya minyoo?"

Basi. Jina likawa limezaliwa. Ulikuwa Dereva, jioni ile ukawa Josho.

Mtu mwingine angekubali hasara, akaagiza bia za kawaida, yakaisha. Wewe ulikuwa na kichwa. Kila alasiri ulikaa pale kwenye kaunta na chupa moja ya bia yako, unakunywa mbele za watu, taratibu, uso umetulia kama wa mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Inataka kuzoewa," ukawa unawaambia. "Kahawa nayo si chungu?" Wao hawakuona nilichokiona mimi nikipita nyuma na ndoo ya maji. Chini ya kaunta, ndani ya zile katambuga, vidole vyako vya miguu vilikuwa vinajikunja kila funda.

Nikwambie ukweli, nilikuwa naona kinyaa. Jasho lako lilinuka ile kitu. Mto ulinuka. Ulikuwa ukicheua mezani Nakijwa anasukuma sahani. Lakini harufu ningeivumilia. Nilichoshindwa kukivumilia ni kukuona ukimeza kile ambacho mwili wako wote unakikataa, kwa sababu tu watu wanatazama. Nilikuwa nakuangalia nikasema, huyu mtu anamnywa ng'ombe wangu, tena hata hamfurahii. Siku moja nikafunga nguo zangu na za Nakijwa kwenye khanga nikapanda Mbaga.

Ulikuja kunifuata. Gari la mlimani lilikuwa limekatika springi, ukapanda kwa miguu. Ulifika umejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba yangu hakukuuliza neno. Alikupa kibuyu cha dengelua, ukanywa kwa pumzi moja, na nikakuona ukifumba macho kama mtu aliyerudishiwa ulimi wake. Kisha ukanifuata ndivani, pale tunapokinga maji ya kumwagilia, nilipokuwa nafua.

Ulikaa juu ya jiwe. Ukasema, "Mama Nakijwa, ile kitu ni mbaya."

"Najua."

"Hujui. Wewe ulikunywa funda moja. Mimi nimekunywa makreti."

Nilitaka kubaki na hasira yangu, nilikuwa nimeipandisha mlima wote ule. Lakini ulisema hivyo kwa uso wa mateso kiasi kwamba kicheko kilinitoka puani, nawe ukacheka, tukacheka mpaka nguo ikachukuliwa na maji ukaikimbilia. Uliporudi nayo ulikuwa hucheki tena. Ukasema, "Nimetapeliwa, Namsifu. Yule bwana kaniuzia bia iliyooza. Niliona amevaa saa, nikadhani ni mtu wa kweli. Nimemuuza mtamba wako nikanunua uozo."

Ukaenda ukarudia maneno hayo mbele ya baba na kaka Eliapenda, umesimama, kofia mkononi. Baba akasema ng'ombe huzaliwa. Kaka akasema, "Pole sana, Josho." Hata pale.

Tulizimwaga zilizobaki mimi na wewe, kwenye shimo la taka nyuma ya grosari. Nilijifunga khanga puani. Wewe ulikuwa unabandua nta, unageuza uso pembeni, unainamisha chupa. Povu la kahawia likapanda mpaka ukingoni mwa shimo likawa linapumua lenyewe. Jogoo wetu alikwenda akaonja, akatembea hatua za ulevi, akalala kivulini na mabawa yamefunguka. Harufu ile ilikaa mpaka mvua za vuli, na kila mgeni aliyepita alikuwa anauliza nani kafa.

Grosari ilisimama, namshukuru Mungu. Ukaleta bia za kila siku, ukanunua friji ya mafuta ya taa, na ulitimiza ulichoapa: hakuna aliyeingia pale akaambiwa hakuna. Watoto walisoma. Lakini jina halikuondoka. "Twende kwa Josho." "Tukutane kwa Josho." Shuleni Nakijwa aliitwa mtoto wa Josho, akawa anarudi analia, nawe ukawa unamwambia jina halichubui ngozi.

Wewe lilikuchubua. Wengine hawakuona, mimi niliona. Yule mtu aliyesimama katikati ya chumba cha buluu mikono kiunoni hakurudi tena. Ulikuwa hununui hata jembe mpaka uulize watu watatu. Na lilipotokea lile lori, lori zuri, mwenye nalo alikuwa anataka kushirikiana nawe kwa sababu hakuna aliyezijua barabara za mlimani kama wewe, nilikusihi. Nilikuambia hata mtamba mwingine nitamtoa mwenyewe, kwa mdomo wangu. Ukatikisa kichwa. "Mtu aliyenunua maji ya josho akadhani ni bia," ukasema, "leo atajua lori?" Likachukuliwa na mwingine. Kila lilipopita barabarani na mzigo wa tangawizi ulikuwa unaacha unachokifanya, unasikiliza mlio wa injini mpaka unapotea.

Na siku ya matanga yako, kaka Eliapenda aliisimulia. Nilikuwa jikoni na akina mama nikamsikia kutoka uani, anaigiza mashavu, anaigiza yule Mmasai, na watu wanacheka huku machozi hayajakauka. Najua misiba ina utani. Lakini utani una watani wake, na yeye hakuwa mtani wako, alikuwa shemeji yako aliyekula ugali wako. Nilishika mwiko nikasikia kichefuchefu kile kile, cha tangu Jumapili ile, kinapanda bila hata kuonja kitu. Ulikuwa umelala kaburini siku tatu na bado walikuwa wanakutema.

Sasa sikiliza.

Juzi Nakijwa amekuja kutoka Arusha na mumewe, Joseph. Ni kijana mzuri, ungempenda, anaamkia mpaka majirani. Baada ya chakula akatoa sanduku dogo, ndani yake maranda ya mbao kama kiota, na ndani ya maranda chupa. Nyeusi. Shingo ina nta.

Tumbo langu liliijua kabla ya kichwa.

"Mama, hii nimeletewa na rafiki yangu kutoka nje," akasema. "Nimeitunza tuje tuionje pamoja."

Akaimimina kwenye glasi yenye kitumbo, akaizungusha kama anayesuuza, akaingiza pua nzima, akafumba macho. Nikatazama lile povu. Nakijwa akasema, "Mama, usijilazimishe." Lakini ilikuwa lazima nijue. Nikapiga funda.

Chungu kilichoungua. Mbao iliyolowa. Spiriti. Paa la jiko. Baba Nakijwa, miaka yote hii na ulimi haukuwa umesahau hata moja! Nilikimbilia mlangoni nikaitema yote kwenye migomba, na naomba radhi kwa migomba.

"Ndiyo yenyewe!" nikapiga kelele. "Joseph mwanangu, wamekuuzia iliyooza!"

Maskini kijana akashika kichwa. Akaionja tena yeye mwenyewe. "Hapana, mama. Nzima kabisa. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo vipi?"

Akanieleza. Kumbe wanaitengeneza hivyo kwa makusudi. Wanachoma nafaka mpaka iwe nyeusi. Wanaiacha nzito, kali kuliko bia yoyote. Kisha wanakwenda kuilaza karibu mwaka mzima katika pipa la mwaloni, ule mti wa kwenye Biblia, pipa ambalo kwanza lilikuwa na wiski, ili ichukue moshi na ladha ya mbao. Akasema kuna watu huko nje wanapanga foleni kuinunua.

"Foleni?" nikauliza. "Kwa hiari yao?"

"Kwa hiari yao, mama."

Sisi tuliopanga foleni ya sabuni.

Akanisomea kile kikaratasi. Na pale kwenye jina, akasema, wameandika kwamba ni bia ya kifalme. Ndivyo inavyoitwa aina hiyo.

Nilikaa chini. Nikamwambia juu ya nta nyekundu, juu ya pipa lililochorwa, juu ya yule bwana wa Taveta na hoteli iliyofungwa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, haikuwa imeoza. Mzee alipata kitu ambacho wakati ule hata huko kwao walikuwa nacho wachache."

Nakijwa akaweka mikono usoni. Mtoto wa Josho, mama mzima sasa, alilia pale mezani mpaka mumewe akaogopa.

Hukutapeliwa, mume wangu. Yule bwana alikuambia bia ya kifalme, na ilikuwa bia ya kifalme. Ulimtazama mtu ukamwamini, na alikuwa mkweli. Jicho lako lilikuwa zima. Kosa lako ni kwamba ulikileta kitu hicho kwa watu wenye ndimi timamu. Ungekuwa hai ningekushika mabega nikakutikisa. Lori lile ungelichukua. Hilo ndilo linaloniuma usiku na mchana tangu juzi, siyo koo.

Wala usidhani kwa kuwa inasifiwa nimeipenda. Ni chafu. Wakiipaka dhahabu, ni chafu. Joseph aliponiuliza kama nitaongeza nilimtazama mpaka akaomba msamaha.

Lakini nilimwomba ile iliyobaki. Jana nikapanda nayo Mbaga. Kaka Eliapenda ni mzee sasa, anatembea na mkongojo, meno ya bandia. Nilimkuta anaanika kahawa kidogo aliyo nayo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja bila taarifa, kuna nini?"

Nikamimina kwenye kikombe. "Onja."

Hakuuliza. Ni Mpare, kitu kilikuwa cha bure. Akapiga funda, uso wote ukajikusanya katikati, akatema, na meno nusura yafuate. Akanitazama kwa hofu kabisa. "Josho!" akasema. "Namsifu, umeitoa wapi?"

Nikamweleza yote, kama alivyonieleza Joseph. Mwaloni, wiski, mwaka mzima, foleni. Kuku wakaanza kula kahawa yake, hakuwafukuza.

"Kwa hiyo hakutapeliwa," akasema.

"Hakutapeliwa."

"Nami niliisimulia kwenye matanga yake."

"Uliisimulia. Nilikuwa jikoni."

Akatafuta kofia yake. Akasema tuteremke.

Gari tulilipata alfajiri, tumefika leo asubuhi. Alikataa chai. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lako, akapangusa vumbi la Same juu ya saruji kwa kiganja, akavua kofia. Ulimsikia? Alisema kwa sauti kubwa, kama unavyomsemesha mtu aliye upande wa pili wa bonde. "Shemeji! Ile bia yako ilikuwa nzima. Sisi ndio hatukuijua. Nisamehe." Akajifuta uso kwa ile kofia. "Lakini shemeji, ni mbaya. Sitakudanganya ukiwa huko. Ni mbaya sana."

Nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, na yeye vile vile, wazee wawili tumeshikiliana kwenye jua. Kisha akaichukua chupa. Ilikuwa imebaki kidogo chini. Akaiinamisha juu ya kaburi, upande wa kichwa, akumwagie tone moja la heshima.

Nikamshika mkono.

"Mwache, kaka," nikamwambia. "Huyu alishakunywa sehemu yake."

Lala na mdomo mtamu, Baba Nakijwa.

Ni mimi mkeo,
Mama Nakijwa